Kurasa Thelathini na Mbili za Mwisho

Kwa miaka ishirini na miwili fundi alijalidi vitabu vya maktaba bila kusoma hata kimoja hadi mwisho. Si kwamba alichukia kusoma. Aliona tu kwamba mng'oa meno hahitaji kujua mgonjwa anaimba nini. Alikagua namba za kurasa, akashona, akapaka gundi, akabana. Kitabu kikishapona mgongo, yaliyomo ndani hayakumhusu.

Kwa hiyo Jumanne ile, binti yake alipoingia karakana iliyo nyuma ya maktaba, amekumbatia riwaya nene ya jalada la zambarau, fundi alitazama mgongo peke yake.

"Hiki nakijua," alisema. "Kifungu chake cha mwisho ninacho mimi."

Alitoa bahasha kwenye droo. Ndani mlikuwa na kurasa thelathini na mbili, zimekunjwa pamoja, zilizochomoka mikononi mwa msomaji mwingine miezi miwili nyuma. Binti alinyoosha mkono. Baba akaivuta bahasha upande wake.

"Soma ukutani."

Ukutani palikuwa na tangazo aliloliandika mwenyewe: KARATASI ISIYOSHONWA HAITOKI HAPA.

"Baba, mimi ni mwanao!"

"Na karatasi ni mwana wa maktaba. Kila mtoto na kwao."

Binti alicheka, kisha kicheko kikamkauka. "Kitakuwa tayari lini?"

"Ijumaa jioni. Kikishonwa lazima kibanwe siku nzima, gundi ishike."

"Ijumaa ndiyo siku ya fomu."

"Najua."

"Basi fanya haraka. Nataka kwanza nijue mwisho wake, ndipo nijue la kufanya na fomu."

Fundi alidhani ni mzaha. Alipomtazama usoni aliona si mzaha.

Chuo cha upimaji ardhi, mwendo wa siku mbili kwa basi, kilikuwa kimempa binti nafasi ya miaka mitatu. Fomu ya kukubali ilitakiwa ifikishwe ofisi ya elimu na mwombaji mwenyewe, kabla ya saa sita mchana wa Ijumaa. Ilikuwa imelala juu ya kabati la vyombo kwa wiki tatu, haijatiwa saini. Sababu ilikuwa kijana mmoja anayetengeneza simu. Kijana mwenyewe hakuwa na kasoro ya kushikika. Angekuwa mhuni, kazi ingekuwa nyepesi. Alimwamkia fundi kwa adabu, akaacha kazi zake kumtengenezea redio, na kwa binti alisema neno moja tu: "Usiende." Mke wa fundi alikuwa ametoa lake siku ya kwanza, kisha akamgeukia mumewe: "Mimi nimesema, nimetwanga maji kwenye kinu. Sasa sema wewe." Fundi hakusema. Maneno hayakuwa fani yake. Sasa alitambua kwamba kuna kitabu kinachosema kwa niaba ya kijana, na akaamua kukitafutia makosa.

Jumatano, saa ya chakula cha mchana, alikifungua ukurasa wa kwanza, penseli mkononi. Msichana mwenye mabawa ya shaba anampenda mwana wa mfalme ambaye hugeuka jiwe kila jua linapochomoza. Macho ya mwana wa mfalme yalikuwa ya kijani katika ukurasa wa tisa. Kufika wa hamsini yakawa ya kahawia. Moyo wa msichana ulilipuka mara kumi na saba kabla ya sura ya sita, na mwenyewe bado yu hai. Vita vya falme tatu vilimalizwa kwa aya mbili ili wapenzi wapate muda wa kutazamana.

"Upuuzi mtupu," alimwambia mkutubi, mama aliyeitwa Bibi Muhuri kwa sababu aligonga mihuri kama anayeua nzi.

"Umefika ukurasa wa ngapi?"

"Mia mbili na kumi."

"Upuuzi wa kurasa mia mbili na kumi, na chakula chako hujakigusa? Umenasa, baba. Umenasa kama panya."

"Nakagua kurasa."

"Kagua, kagua. Mwenzio nilikikagua mara tatu, na leso mkononi."

Fundi alirudi kwenye kiti chake kwa hasira. Kila sentensi ilimuudhi, na kila alipoudhika alifunua ukurasa uliofuata. Palikuwa na mahali ambapo msichana anakaa mchana kutwa kando ya lile jiwe, akilisimulia habari ndogondogo, asijue kama linasikia. Fundi alipasoma mara mbili. Aliwahi kukaa hivyo kando ya kitanda cha mkewe hospitalini, akimweleza habari za bomba lililopasuka mtaani, kwa kukosa neno jingine. Mwandishi huyu, aliyeshindwa kukumbuka rangi ya macho, alilijuaje hilo?

Kisha akafungua bahasha. Katika kurasa zile msichana anayakata mabawa yake mwenyewe ili mpenzi wake asiwe jiwe tena. Wanabaki bondeni. Hapakuwa na adhabu wala majuto. Walifurahi, na kibaya zaidi, ilipendeza. Fundi alivua miwani akaifuta. Alimchukia mwandishi na angependa kumshika mkono. Binti akizisoma kurasa hizi, fomu imekwisha.

Alhamisi asubuhi alifikiria kukishona kitabu bila kile kifungu. Alishika sindano, akapitisha uzi wa nta, na mikono ikafanya ilivyozoea. Mishono mitano, kila kifungu mahali pake. Mikono hiyo haikujua kuacha pengo. Akakiweka kitabu ndani ya shinikizo, kati ya mbao zake mbili, akakaza.

Jioni binti alikuwa akisuuza vyombo, baba akivifuta.

"Umeshakishona. Basi mwisho umeuona. Niambie."

"Nilikagua namba tu."

"Bibi Muhuri anasema ulifuta miwani mpaka akahofia vioo."

Fundi aliipangusa sahani iliyokwisha kukauka. Fomu ilikuwa pale juu ya kabati, inaonekana.

"Anaruka," alisema.

"Nani?"

"Msichana. Anaruka anavuka mlima, anakwenda zake."

"Peke yake?"

"Peke yake. Na huko aendako anafanikiwa sana."

Binti alifunga bomba. "Anamwacha? Vile vile, jiwe?"

"Sasa afanyeje? Mabawa ni ya kurukia."

"Mtu aliyekaa naye mchana kutwa, siku zote zile! Mwandishi gani huyu? Hana moyo kabisa. Mimi siwezi kumfanyia mtu hivyo, baba. Kamwe."

Fundi aliona alichokifanya. Mwisho wa kweli ungembakiza. Huu wa uongo ulimbakiza kwa misumari. Alitafuta mwisho wa tatu, lakini yeye hakuwa mwandishi.

"Labda baadaye anarudi," alijaribu.

"Labda? Umesoma au hukusoma?"

"Nilikagua namba."

"Baba!"

Ijumaa saa tano fundi alipiga simu nyumbani. "Ile fomu," alianza.

"Nimeshaamua, baba," binti alijibu kwa upole, na upole huo ulimziba mdomo kuliko matusi. Saa sita ikapita. Fundi alikuwa akikata kitambaa cha jalada la kitabu kingine. Alikata kifupi, akatupa, akakata tena.

Saa kumi alilegeza shinikizo. Binti alikuja, akasoma zile kurasa thelathini na mbili amesimama mlangoni. Alipomaliza akakaa juu ya kibao.

"Haruki."

"Haruki," fundi alikubali.

"Ulinidanganya."

"Ndiyo, mwanangu."

"Ulitaka niende kiasi hicho?"

Aliitikia kwa kichwa.

"Mbona hukusema? Wiki tatu nzima! Mama alisema. Shangazi alisema. Hata Bibi Muhuri, asiyeulizwa, alisema. Wewe ndiye niliyekuwa nakungoja."

"Na ningesema, ungekwenda?"

Binti aliutazama ukurasa wa mwisho. "Sijui," alisema. "Sasa nitajuaje?"

Nje honi ya pikipiki ililia mara moja, kwa adabu. Alikuwa yule kijana, amekuja kumchukua. Binti aliinuka. Fundi alitafuta neno, akapekua kila mahali, na alilopata lilikuwa la kazi.

"Usikifunue sana siku mbili hizi. Gundi bado mbichi."

"Haya, baba," alisema, akakikumbatia kitabu kifuani, akatoka.