Nyumba Yangu Yaitwa Kituoni

Niliota, usiku wa jana, nimekwenda kwenye kituo cha wanyama wasio na kwao, moyo unanidunda kama wa bwana harusi. Nilimfuata Kibogoyo, mbwa mzee asiye na jino hata moja. Huyu namjua hata nikiwa macho. Kila mgeni humpita kwa kuwa hatishi wezi, na mimi mwenyewe nimeshamtembelea nikarudi bila yeye, nikisingizia ua wangu ni mwembamba.

Mapokezini lilikaa bomba la sindano, limevaa koti jeupe. Likanipa pole, kisha likanichoma chanjo. Likaeleza kwamba hapa hakiuawi kitu. Asiyechukuliwa hukaa na kutunzwa mpaka uzee wake umalizike wenyewe. Mbu akatua mkononi mwangu, nikainua kofi, kituo kizima kikanikodolea macho. Mbu akatandikiwa blanketi.

"Sasa tuikague nyumba yako, mwalimu Eliamani," likasema bomba. "Ndiyo sheria."

Nikasema nyumba iko mbali. Likajibu kwamba imeshaitwa.

Mara tuko uwanja wa mpira, na nyumba yangu inakuja. Inatembea polepole, imeshikilia bati lisipeperuke, na kila hatua sufuria zinagongana jikoni. Nafurahi kuiona, halafu naona haya: nimeipaka rangi upande wa barabarani tu.

Inaketi kwenye benchi. Kibogoyo anainusa kizingiti, anatulia.

"Unahitaji mlinzi?" bomba linauliza.

"Nilindiwe nini?" inasema nyumba. "Ndani kuna redio na mtu mmoja. Tangu mkewe afariki, mwalimu huzungumza na birika. Mimi namsikia, ila sijui kumjibu. Huyu angalau ana mkia."

Nililia palepale, tena kwa furaha. Kibogoyo akaja kuniegemea mguuni. Bomba likauliza atalala wapi, maana uani kwetu mbwa hageuki. Nyumba ikafikiri sana.

"Nitasogea," ikasema.

Nikaamka kumekucha, mvua ya usiku imeshakatika. Nikatoka peku hadi nyuma ya nyumba. Ua wote ulikuwa umelowa chapachapa, isipokuwa ukanda mmoja wa udongo mkavu, mweupe, kama uliokuwa chini ya nyumba hadi jana, uliofuata ukuta kutoka pembe hadi pembe. Upana wake ulimtosha mbwa kujinyoosha.

Hata chai sikunywa. Nilitafuta viatu, nikaenda kumchukua Kibogoyo.