Kulwa Kushoto, Doto Kulia

Mkaguzi Mathias ana sura ya mtu aliyemeza ndimu. Mwaka jana alikaa nyuma ya darasa langu hapa Goweko, akaandika: "Wanafunzi hawakuelewa." Leo karudi, na mkuu wa shule ameshaniambia wazi: nikishindwa tena, baiolojia anapewa mwalimu mwingine. Baiolojia, roho yangu!

Hadubini yetu ina ufa kwenye lenzi. Basi nikawapeleka wanafunzi wote uwanjani na kamba za kufungia tumbaku; mkaguzi akafuata na kiti chake.

"Nyinyi ni kromosomu ndani ya seli inayotaka kugawanyika," nikawaambia. "Kila kromosomu imejinakili, sasa ni mapacha. Shikaneni wawili wawili, mgongo kwa mgongo. Mmoja ni Kulwa, mwenzake Doto, kama tunavyowaita mapacha huku Unyamwezini."

Tukawafunga kamba viunoni, wanafunzi waliobaki wakasimama kwenye magoli mawili kuvuta. "Hizi ndizo nyuzi za seli. Kulwa avutwe goli hili, Doto goli lile. Kila seli mpya ipate pacha mmoja wa kila jozi, basi!"

Nikapaza sauti: "Kulwa kushoto, Doto kulia!"

Nilisahau jambo moja, tena mimi Mnyamwezi mzima. Darasani nina kina Doto wawili wa kuzaliwa, na wote nimewapa kazi ya Kulwa. Kusikia jina lao, wakakimbilia kulia na wenzao. Kamba zikasokotana, watu chini, vumbi, vicheko mpaka jikoni. Nikajua nimekwisha.

Nikageuka kumtazama mkaguzi. Kiti kitupu! Alikuwa amesimama golini upande wa kulia, kalamu mkononi, anatweta.

"Shikamoo mzee, kulikoni?"

"Marahaba. Umeita Doto," akajibu kwa aibu. "Mimi ni Mathias Doto. Miguu imeitika yenyewe."

Hapo Minza, ambaye hajawahi kuniuliza kitu, akanyoosha mkono. "Mwalimu, seli nayo ikikosea hivi?"

Nilitamani kumkumbatia. "Seli mpya zinaweza kuugua au kufa. Ndiyo maana seli haina pupa. Inasubiri mpaka kila jozi ishikwe kamba pande zote mbili, ndipo inaachia."

Tukarudia. Safari hii mkaguzi mwenyewe alipita akikagua kila fundo, akipiga kelele, "Bado! Bado!" Fundo la mwisho lilipokazwa akaruka juu: "Vuteni!" Jozi zikaachana sawasawa, nami nikashangilia kama mtoto.

Jioni nikasoma ripoti yake: "Wanafunzi wameelewa." Chini yake, kwa herufi ndogo: "Na Doto pia."