Sauti ya Nesi Nyumba kwa Nyumba

Benchi la kliniki lilijaa mpaka akina mama wengine wakasimama. Nesi alikuwa peke yake. Alimdunga chanjo pajani mtoto wa mshonaji, akabandika pamba, akamwita mwingine. Maelezo ya homa hakuyatoa. Kwa foleni ile, angeyatoa saa ngapi?

Jioni mtoto alichemka. Mshonaji aliacha cherehani, akamvua shati. Mara mtoto akakakamaa, macho yakageuka, mikono na miguu ikaanza kurukaruka. Mama mkwe akaja mbio na kijiko.

"Mpanue mdomo, atajing'ata ulimi! Si nilikwambia usimpeleke?"

Mshonaji alikuwa hajawahi kuogopa hivyo. Alishika taya la mwanawe.

Mlango ukagongwa, ikaingia sauti ya nesi, bila nesi mwenyewe. Ilikuwa inahema kwa sababu ya ngazi.

"Samahani, nimechelewa. Usimtie kitu mdomoni, mama. Mlaze ubavu, usimkandamize. Degedege la homa baada ya chanjo ni nadra, na kwa kawaida hupita lenyewe. Likizidi dakika tano, kimbieni hospitali."

"Karibu kiti," mama mkwe alisema, akiweka kijiko mezani.

"Asante, nina nyumba nyingi bado." Sauti ikatoka na kurudishia mlango.

Mtoto alilegea, akapumua, akalia. Mshonaji naye akalia. Walimpeleka hospitali hata hivyo, daktari akampima, akasema hana tatizo.

Siku ya chanjo ya surua mshonaji alirudi, maana surua haina mzaha. Nesi bado alikuwa peke yake. Alikuwa ameahidiwa msaidizi, lakini mkuu wa kliniki aliona sauti inatosha, tena haiombi likizo.

"Dada, niambie kabisa," mshonaji alisihi. "Homa ya sindano hii huja leo leo, au siku nyingine?"

Nesi alifungua mdomo, usitoke hata mnong'ono. Aligusa koo, akaonyesha dirisha kwa kidevu. Sauti ilikuwa kwa watu, ng'ambo ya mji.

Mshonaji alimshika mtoto vizuri, sindano ikaingia.

Jioni ile haikuja homa wala sauti. Kesho yake pia kimya. Mshonaji alishona mlango ukiwa wazi, na kila alipokata uzi alimpapasa mtoto paji la uso.