Sura ya Vitu

Mwalimu Mutalemwa aliondoa meza darasani siku ileile Byarugaba alipojiandikisha kujifunza Kiingereza. Alisema meza inahitajika ofisini. Kuanzia jioni hiyo vitu vya somo viliwekwa juu ya mkeka sakafuni, na aliyetaka kuweka kitu mkekani alilazimika kupiga magoti.

Darasa la watu wazima la Kaagya lilianzishwa miaka michache baada ya uhuru, na wote waliokuwemo walikuwa wanaanza. Clavery, mpima kahawa wa chama cha ushirika, alitaka kupandishwa cheo. Sada, fundi cherehani, alitaka kusoma kitabu kilichokuja na mashine yake. Byarugaba alikuwa mzee kuliko wote, na hakuficha alichokuja kutafuta.

"Mwanangu Datius anakuja Krismasi kutoka Uingereza, na mke wa hukohuko," alisema. "Mtoto wao ana miaka mitano. Hajui Kihaya, hajui Kiswahili. Nataka nimwambie kwa mdomo wangu: njoo, mimi ni babu yako. Hayo tu."

"Datius si atatafsiri?"

"Mjukuu hatafsiriwi, Mwalimu."

Mutalemwa alifungua kitabu. "Lugha inaanza na vitu. Sura ya kwanza, vitu vya darasani. Sura ya pili, vitu vya nyumbani na shambani. Watu wa ukoo wamo sura ya tano. Tutafika."

Hilo lilikuwa kweli. Kitabu kilipangwa hivyo, na mkaguzi yeyote angekubali. Ila kitabu hakikusema sura ya pili ichukue muda gani.

Kabla ya serikali kufuta umwinyi wa ardhi wa nyarubanja, kilima chote kile kilikuwa cha Byarugaba. Waliolima pale walikuwa watwarwa wake: walipanda, wakavuna, lakini ardhi haikuwa yao. Kila mwaka walimpelekea mkungu wa ndizi na kibuyu cha lubisi, pombe ya ndizi, wakapiga magoti mlangoni pake. Ishengoma, baba yake Mutalemwa, alikuwa mmoja wao. Mwaka mmoja mvua ya mawe ilivunja migomba yake, akapeleka mkungu mdogo. Byarugaba aliugusa kwa ncha ya fimbo, akauliza kama huo ni mkungu au ni kidole. Wageni wake walicheka. Mwezi uliofuata Ishengoma alifukuzwa, na migomba na mibuni aliyoipanda akapewa mtu mwingine. Alifia Nshambya katika chumba cha kupanga, akiwa kibarua. Siku ya mkungu ule, aliyembebea kibuyu alikuwa Mutalemwa.

Kwa sura ya pili kila mwanafunzi alipewa kitu chake. Clavery alipewa kikombe, Sada mkasi. Byarugaba alipewa mkungu wa ndizi.

"Unakuja nao kutoka mlangoni," Mutalemwa alimwelekeza. "Kichwani."

"Kwa nini kichwani?"

"Ili mikono iwe huru kuonyesha. 'This' ni kitu cha karibu, 'that' ni cha mbali."

Byarugaba aliubeba. Hakuna mtu Kaagya aliyewahi kuona mzigo juu ya kichwa kile. Alitembea hadi kwenye mkeka, akapiga goti moja, kisha la pili, akauweka chini.

"This is bunch of bananas."

"'A' iko wapi?"

"Nimeisahau."

"Rudi mlangoni."

Alirudi mlangoni mara tatu. Safari ya tatu Sada alishindwa kujizuia.

"Pole, mzee wangu. Hiyo 'a' ni ndogo lakini naona ni nzito kuliko mkungu!"

"Mwacheni," Clavery alidakia. "Akiudondosha tu, ndizi zinatawanyika, tunaingia kwenye wingi leoleo!"

Walicheka wote, na Mutalemwa aliwaacha wacheke mpaka walipochoka. Byarugaba alikuwa bado amepiga magoti.

"Wa baba yako ulikuwa mdogo kuliko huu," alisema bila kuinua kichwa.

"Najua. Nilikuwepo. Sema: 'This is a small bunch.'"

Akasema.

Wenzake waliingia sura ya tatu, kisha ya nne. Yeye alibakizwa ya pili kwa sababu ya matamshi. Kila jioni, somo likiisha, aliuliza babu ni nini kwa Kiingereza, na kila jioni alijibiwa kwamba hilo ni la sura ya tano. Hakuwa na pengine pa kuuliza. Padre alimfungia mlango tangu alipooa mke wa tatu. Vijana waliosoma walikuwa watoto wa watwarwa wake. Aliwaendea mmojammoja, nao walimjibu kwa adabu kwamba wamesahau.

Jioni ya mwisho kabla ya likizo, Byarugaba aliingia bila mkungu. Alikwenda moja kwa moja kwenye mkeka mtupu, akapiga magoti.

"Nilimfukuza Ishengoma kwa ajili ya mkungu," alisema kwa Kiswahili, ili wote wasikie. "Kosa lilikuwa langu. Mtoto anafika kesho kutwa. Nipe maneno yangu, waitu."

Waitu, yaani bwana wetu, ndilo neno ambalo watwarwa walimwitia yeye. Darasani hakuna aliyecheka.

"Mpe basi, Mwalimu," Sada alisema. "Ni maneno mangapi hayo? Hayazidi hata vidole vya mkono mmoja."

Mutalemwa alifunga kitabu, akafuta chaki vidoleni. "Sura ya tatu na ya nne hajazisoma. Tunafungua Januari."

Siku ya Krismasi gari la kukodi kutoka Bukoba lilisimama kwenye uwanja wa kanisa. Datius alikuwa amepanga kwenda kwa baba yake baada ya chakula cha mchana. Kwanza aliingia sakristia kumwamkia padre. Mke wake na mtoto walibaki karibu na gari, wakiwatazama wanawake waliopanga ndizi na senene chini ya ukuta, wakiuza.

Byarugaba hakuweza kungoja mchana. Alikuja amevaa kanzu nyeupe na koti, na kichwani alikuwa na mkungu mkubwa kuliko yote ya kibanja chake, kwa kuwa ndicho kitu pekee alichoweza kukizungumzia. Alipita mbele ya wauzaji, akasimama mbele ya mtoto, akapiga magoti na kuuweka chini.

"This is a bunch of bananas," alisema. 'A' ilikuwa mahali pake. "These are bananas."

Mtoto alimtazama mama yake. Mama alifungua mkoba, akamgeukia mtu aliyesimama karibu, mwenye kitabu cha nyimbo mkononi, akamwuliza kwa Kiingereza kama mzee huyu anauza, na ni bei gani. Mtu huyo alikuwa Mutalemwa. Clavery alikuwa nyuma yake, na nusu ya darasa.

"Ni mwanafunzi wangu," Mutalemwa alijibu kwa Kiingereza. "Anajifunza majina ya vitu."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Mama alitabasamu, akampa mtoto shilingi. Mtoto aliiweka katika kiganja cha mzee, akashukuru vizuri, kama alivyofundishwa kwao.

Datius alitoka sakristia akikimbia. Alimweleza mtoto kwa Kiingereza, kwa sauti ya juu, huyu ni nani. Mtoto aliuangalia mkungu, akaangalia magoti yenye vumbi, akaingia nyuma ya sketi ya mama yake. Akasema kitu. Baba yake alimvuta mkono, naye akalia.

"Amesema nini?" Byarugaba aliuliza.

Datius aliinama kumtuliza mtoto. Mzee akamgeukia mwalimu.

"Amesema wewe ni muuza ndizi," Mutalemwa alisema.

Byarugaba alibaki palepale chini. Alifungua kiganja.

"Na hii, Mwalimu, inaitwaje?"

"A coin."

"Zikiwa nyingi?"

"Coins."

"Koini," Byarugaba alisema.

"Herufi ya mwisho umeiacha," alisema Mutalemwa. "Rudia."