Mwasisi Alipokuja Kupatana na Mchungaji

Jumanne saa nane mchana, katibu wa kanisa alikuwa akichapa kijitabu cha jubilei ya miaka mia moja wakati mwasisi wa kanisa alipoingia ofisini, akafuta viatu mlangoni, akakohoa na kuuliza kama mchungaji yupo. Alikuwa amekufa miaka themanini na miwili iliyopita. Katibu alimtambua kwa picha iliyokuwa ukutani, ingawa pichani hakuwa na kikohozi.

"Ana mgeni," alisema. "Subiri kidogo, Baba."

Mfagizi alipita na ndoo, akauona udongo wa kaburini uliodondoka kwenye zulia, akasonya.

Mchungaji alikuwa mdogo wake katibu, mwanamke kama yeye, tumbo moja. Katibu ndiye aliyemfundisha kusoma, kwa Biblia ile ile aliyokuwa akijifunzia kuhubiri mbele ya kioo cha kabati. Katibu alipofika miaka ishirini na mmoja aliomba kwenda chuo cha theolojia. Baraza la wazee likamjibu kwa barua ya mistari mitatu: mwasisi alikataza mwanamke kupanda mimbarini. Wakampa kazi ya ukatibu. Miaka kumi na sita baadaye kanisa likabadili msimamo, mdogo mtu akaomba, akaagwa kwa nyimbo. Barua yake ya kukubaliwa aliichapa katibu. Tangu hapo, kila alipomwona mdogo wake amevaa kola nyeupe, yeye ndiye aliyefungua kifungo cha shingoni.

Mwasisi alikaa na mchungaji hadi saa kumi na moja. Kupitia ukuta wa mbao, katibu aliwasikia wakibishana, kisha wakicheka. Kucheka huko ndiko kulikomchoma. Alipopeleka chai, mzee alikuwa amefungua daftari la kanuni alizoziandika kwa mkono wake.

"Hapa, kuhusu wanawake, nilikosea," alikuwa akimwambia mchungaji. "Mwanangu, unahubiri vizuri kuliko mimi."

"Asante, dada," mchungaji alisema, akapokea kikombe bila kuinua macho.

Jumapili ya jubilei, mwasisi alisimama madhabahuni akamwekea mchungaji mikono kichwani mbele ya watu wote. Vigelegele vikapaa. Aliyepiga makofi kuliko wote ni mwenyekiti wa baraza la wazee, yule yule aliyetia sahihi barua ya mistari mitatu.

Baada ya ibada katibu alimfuata mwasisi kwenye chumba cha mavazi.

"Na mimi je, Baba? Mimi nilikataliwa kwa jina lako."

"Mwaka gani?"

Akamtajia. Mzee akahesabu kwa vidole, vikamwishia, akaanza upya.

"Nilikuwa kaburini zaidi ya miaka hamsini," alisema. "Hakuna aliyekuja kuniuliza. Hilo waulize walio hai."

Katibu akatoka kwenda kumwuliza mwenyekiti, akamkuta uani na sahani ya keki.

"Aa, dada yangu, hayo si yalikuwa ya mwasisi?" mwenyekiti alisema kwa upole, akipangusa midomo. "Na si umeona mwenyewe, ametubu? Basi, yamekwisha."

Mwasisi naye alikuwa ametoka, amesimama hatua mbili tu kutoka hapo. Hakusikia. Mchungaji alikuwa akimsimulia jambo, naye alikuwa amemwinamia kama baba anayemsikiliza mwanawe wa pekee.

Jumanne iliyofuata walikuja wazee saba wa baraza la kwanza, marehemu wote, wamepanga foleni hadi kwenye ngazi. Walikuwa wamesikia kwamba mwenzao alipokewa vizuri. Katibu akaazima viti kwenye chumba cha shule ya Jumapili. Vilikuwa vya watoto, lakini wazee walikaa bila kulalamika, magoti yakiwafika kifuani.

"Na wewe ni mtumishi wa Mungu?" mmoja wao alimwuliza.

"Mimi ni katibu."

Akagonga mlango wa mdogo wake.

"Waingize, dada," mchungaji alisema. "Na chai, tafadhali."

Katibu akawaingiza mmoja mmoja, akapeleka vikombe vinane, kisha akaufunga mlango, yeye akiwa nje.