Série ya Jumamosi kwa Madame Kapinga

Madame Kapinga alitumwa kutoka Mbuji-Mayi, Kasai, kufundisha Kifaransa Butembo, akakuta wanafunzi wanaosoma sentensi moja kama wanaopandisha gunia mlimani. Akaanza kuwaita kwake Jumamosi mchana waangalie série, filamu ya mfululizo ya polisi kutoka Denmark. Maneno ya kule hakuna aliyeyaelewa. Ilibidi wasome Kifaransa kilichoandikwa chini ya picha, tena haraka, kabla hakijapotea.

Katika série ile msichana anakutwa amekufa mtoni, na mpelelezi mwanamke anamtafuta aliyemuua. Épisode ya kwanza ilionyesha maiti kwa karibu. Bénite alitoka nje kutapika. Élysée, mtoto wa Katungu, mwenye miaka kumi na tano, hakusogea hata kidogo.

Jumatatu Katungu alifika shuleni, unga wa foufou anaouza sokoni bado umemjaa mikononi.

“Madame, batoto ba huku balishaona maiti ya kweli. Unabaonyesha ya bongo, ya kuigiza, juu ya nini?”

“Ni juu ya Kifaransa, mama.” Kapinga alisikia aibu maneno yalipomtoka.

“Élysée hapana kukuya tena.”

Lakini Élysée aliendelea kuja. Alisema mama amekubali, na Kapinga, aliyefurahi kumsikia mtoto yule akisoma kila mstari kwa sauti, hakwenda kuhakikisha.

Siku ya épisode ya tano, Élysée alirudi nyumbani akamkuta mama yake anachagua maharagi.

“Mama, kule mu série mutu mumoja tu akikufa, banauliza batu bote. Jirani, mwalimu, hata mama yake. Papa, nani aliuliza juu yake?”

“Ulienda kwa Madame.”

“Nilienda. Nani aliuliza?”

Maliro, baba yake, aliuawa Eringeti miaka minne kabla, ndani ya shamba lao la kakao, na watu wasiojulikana. Wakati ule Élysée alikuwa anasoma Butembo kwa shangazi yake. Aliambiwa ilikuwa risasi moja, na kwamba baba hakuteseka.

“Weye ulikuwa wapi?” akauliza Élysée.

“Mu maharagi, nyuma ya kakao.”

“Uliona?”

“Nilisikia.”

“Ulisikia nini?”

Mtoto aliuliza polepole, bila kulia, na hilo lilimwogopesha Katungu kuliko kilio. Akaweka ungo chini.

“Haikuwa risasi. Ilikuwa panga. Papa yako aliita jina yangu mara mbili. Mimi hapana kutoka. Nililala chini, nikauma udongo.” Kisha akamaliza. “Na kati ya sauti zabo, moja nilijua. Ya Delphin.”

Delphin alikuwa akinunua kakao yao kila msimu. Yeye ndiye aliyeleta sanda ya Maliro, akalia kwenye matanga pamoja na wengine. Sasa alikuwa na duka Beni.

Kesho yake Élysée alimweleza Kapinga yote. Angeweza kumwambia mtoto anyamaze. Badala yake alimpigia simu Valentin, mpelelezi wa polisi Beni, mtu wa Kasai kama yeye. Siku tisa Katungu alikataa kwenda kutoa ushahidi. Siku ya kumi akasema, “Twende.”

Huko Beni, Valentin alifunga dirisha kabla ya kuandika. Aliuliza saa, maneno yaliyosemwa, kila sauti ilitoka upande gani. Katungu alijibu yote, hata jinsi Delphin alivyocheka. Kalamu ilisimama.

“Mama, nani alishakuuliza haya?”

“Hapana mutu.”

“Tutamukamata. Mais iko na batu bake. Musilale tena mu nyumba yenu.”

Delphin alikamatwa Alhamisi. Jumamosi, mchana kweupe, nyumba ya Katungu ilichomwa Butembo, pamoja na unga wote na daftari za Élysée. Wenyewe walikuwa wamejificha kwa Kapinga, nyuma ya pazia, wakisikia majirani wakipiga kelele za kuomba maji.

Wazazi wa wanafunzi waliitana shuleni. Mmoja alisema série ile ndiyo iliyoleta moto. Kapinga hakujitetea. Alisema haitaonyeshwa tena, na kwamba alipaswa kwenda kumwuliza Katungu tangu Jumamosi ya pili. Usiku hakupata usingizi wiki nzima.

Masista wa Lubero walikubali kuwapokea mama na mtoto. Asubuhi ya kuondoka, Kapinga aliita moto moja, pikipiki ya kubeba abiria, akafunga mfuko wao mdogo nyuma. Katungu alipanda.

“Panda, Élysée,” akasema Kapinga.

Élysée alibaki ukingoni mwa barabara, anamtazama mama yake.

“Alikuita mara mbili,” akasema.

Mwendesha moto aliangalia pembeni.

“Madame,” akasema Katungu, “umuitie yake moto.”

Kapinga akainua mkono, akasimamisha ya pili. Zikashuka kuelekea Lubero, ya mama mbele, ya mtoto nyuma, kila moja peke yake, vumbi la ile ya kwanza likimwingia Élysée usoni.