Macho ya Bibi na Kanuni ya Nne

Mpiga picha alikata kingo za karatasi kwa wembe mpya, akapuliza vumbi, kisha akaigeuza picha na kubandika kipande cha karatasi nyeusi juu ya jina lake. Ndivyo maonyesho yalivyotaka. Kanuni zilibandikwa mlangoni mwa ukumbi, na aliyoipenda kuliko zote ni ya nne: picha isioneshe kwa namna yoyote ni ya nani. Kwa kanuni hiyo, yeye wa kibanda cha picha za pasipoti angeweza kupimana ubavu na wenye studio za vioo.

Picha ilikuwa ya bibi yake, amekaa kwenye kigoda, anashona kifungo. Siku ya kuipiga, bibi aliikodolea kamera kama vile imemtukana.

"Bibi, achana na kamera," mjukuu alimwambia. "Niangalie mimi tu."

Bibi akamwangalia. Miezi michache baadaye akafariki, na kwa kuwa hakuna aliyemwambia aache, aliendelea kumwangalia kutoka pichani. Mjukuu akisogea dirishani, macho ya bibi yalikwenda dirishani. Akichelewa kula, bibi alikunja uso.

Siku ya majaji kupita, wapiga picha walikaa kwenye mabenchi ya nyuma. Mwenyekiti alisimama mbele ya bibi. Bibi akanyoosha shingo, akatazama juu ya bega lake.

"Anamtafuta nani huyu?"

"Yule dada wa pembeni," alijibu jaji mwenzake, mama mmoja fundi wa fremu.

"Basi kanuni ya nne. Itolewe."

Mpiga picha alisimama. "Samahani, mwenyekiti. Na ile?"

Alionyesha picha iliyopigwa na mpwa wa mwenyekiti: baraza, dirisha, na jozi ya viatu vya kahawia vilivyolika kisigino upande mmoja. Kila mwaka ilikuwa baraza ileile na viatu vilevile, na kila mwaka ilikuwa ya kwanza. Viatu hivyo mwenyekiti alikuwa amevivaa.

"Viatu havigeuki," alisema mwenyekiti, akaendelea na picha iliyofuata.

Mwaka wa pili mpiga picha alirudi na picha ileile. Asubuhi, kabla ya kuifunga, aliiambia, "Bibi, leo usiniangalie mimi. Mwangalie mwenye viatu vya kahawia."

Bibi hakuwa mtu wa kuambiwa mara mbili. Mwenyekiti alipoingia, alimkazia macho. Alipokwenda mezani, alimfuata. Alipokunywa maji, alimtazama mpaka akameza.

"Kwa kanuni ya nne," alisema fundi wa fremu, "hii ni yako, mwenyekiti."

"Mimi? Sijawahi kushika kamera!"

"Kanuni haiulizi nani kashika kamera."

Majaji wakanong'onezana, wakakubaliana kwamba picha ni ya mwenyekiti. Na kwa kuwa mwenyekiti haruhusiwi kushindana, ikatolewa. Viatu vikashika nafasi ya kwanza.

Maonyesho yalipofungwa, karani wa ukumbi alikataa kumpa mpiga picha mali yake.

"Dada yangu, usiniponze. Hii ni ya mwenyekiti."

"Aliye humo ni bibi yangu mzaa mama."

"Pole sana. Lakini mbona anamwangalia yeye?"

Picha ikapelekwa nyumbani kwa mwenyekiti. Alipoitundika sebuleni, chakula hakikupita kooni. Alipoigeuzia ukutani, bibi naye aligeuka. Mwishowe aliiweka kwenye dirisha la barazani, na bibi akawa anamwona akitoka na akirudi.

Filamu ilibaki kwa mpiga picha, lakini kila nakala aliyochapa ilitoka na kigoda kitupu. Bibi alikuwa mmoja tu, na alikuwa kazini.

"Acha, mwenzetu," walimwambia wapiga picha wa stendi. "Utashindana na ukuta?"

"Ukuta una mlango," alijibu, "na kanuni ziko palepale mlangoni."

Mwaka wa tatu akapeleka picha ya kigoda kitupu. Mpwa alileta baraza, viatu, na nyuma ya viatu, dirishani, bibi mwenye sindano mkononi.

Mpiga picha aliinuka kwenye benchi.

"Bibi," alisema, "niangalie mimi."

Bibi akainua macho. Mpiga picha akatembea polepole kutoka ukuta hadi ukuta, na shingo ya bibi ikatembea naye. Akarudi, ikarudi. Ukumbi mzima uliona.

Fundi wa fremu akaweka kalamu chini. "Mwenyekiti, picha hii inaonyesha ni ya nani."

"Nimeona," alisema mwenyekiti. "Lakini huyo yuko nyuma. Mbele kuna viatu, na viatu havijageuka."

Mpwa akapewa nafasi ya kwanza. Watu wakapiga makofi. Kigoda hakikutajwa.

Mpiga picha alitoa mfukoni kipande cha karatasi nyeusi kilichobaki. Akaenda mlangoni, akakibandika juu ya kanuni ya nne, akalainisha kingo kwa kidole gumba, taratibu, kama anavyofanya kwa jina lake. Kisha akarudi ndani kumuuliza karani maombi ya mwakani yanaanza kupokelewa lini. Bibi alimsindikiza kwa macho kwenda na kurudi.